Kabla hujabadilisha globu za Subaru yako

Mwenye kuendesha usiku kutoka Kilifi kuja Mombasa aijua adha hii. Unakuja zako pole pole, mara mbele yako latokea gari lenye taa nyeupe kali mfano wa radi, na kwa sekunde kadhaa huoni kitu. Huuoni ukingo wa lami, huioni bodaboda isiyo na taa ya nyuma, wala humuoni mama anayetembea kando na ndoo yake kichwani. Unampigia fulu kumwomba apunguze. Naye anakujibu kwa fulu yake, ndipo utambue kwamba zile za kwanza zilikuwa taa zake za chini.

Mwenye gari hilo kwa kawaida si mtu muovu. Ni kijana aliyejinunulia Impreza kwa jasho lake, akaona taa zake hafifu, akaenda dukani akauziwa globu za LED zilizoandikwa lumeni 20,000 kwenye boksi. Shida aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Lakini dawa aliyopewa haikuwa ya ugonjwa ule.

Makala haya ni ya mtu kama huyo: ana gari la spoti la kitambo kidogo, taa zimefifia, na anataka kuona vizuri usiku. Nitatumia Subaru Impreza WRX kuwa mfano kwa sababu vijana wetu wanalipenda, na mapenzi hayo hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa na Impreza mwaka wa 1997, na Richard Burns akashinda nayo tena mwaka wa 2000. Mwenye Toyota 86 au Mazda Roadster naye asome. Mengi ni yale yale.

Globu na nyumba yake

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba globu peke yake haimuliki barabara. Kinachomulika ni nyumba nzima ya taa: globu, reflekta ile inayong'aa kama kioo nyuma yake, au projekta yenye lenzi ya duara, na plastiki ya mbele. Mhandisi aliyechora taa hiyo alianza na kitu kimoja, nacho ni uzi mwembamba wa tungsteni unaowaka ndani ya globu. Alijua urefu wake, unene wake na mahali pake hasa. Kisha akakunja reflekta ili kila kipande kiuchukue mwanga wa uzi huo na kuupeleka mahali fulani barabarani. Uzi ukisogea hata milimita moja, mwanga unakwenda kwingine.

Tazama globu ya H4, ambayo wengi wameishika mkononi. Ndani yake mna nyuzi mbili, wati 60 za fulu na wati 55 za mwanga wa chini. Ule uzi wa chini umewekewa kikombe kidogo cha chuma kwa chini yake. Kikombe hicho kinauzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta, kwa sababu ukifika huko utarudishwa juu, na juu ndiko yaliko macho ya anayekuja mbele yako. Kidude kile kidogo ndicho kinachotuwezesha kupishana usiku.

Globu nyingine, kama H1, H7 na H11, zina uzi mmoja wa wati 55, na fulu inakuwa na globu yake mbali, mara nyingi HB3 ya wati 60. Majina haya si mapambo. Kila jina lina umbo la tako lake, meno yake, na mahali uzi unapokaa. Fundi anayekwambia "nitaichonga kidogo itaingia" mshukuru, kisha tafuta fundi mwingine.

Gari lako linatumia ipi? Usitegemee mwaka wala umbo la gari. Impreza mbili zinazofanana kama pacha, moja imetoka kiwandani Japani na halojeni na nyingine imetoka na zenoni. Toyota 86 na Subaru BRZ zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2012 ni gari moja kwa mifupa, lakini zilizokuja na zenoni hutumia globu ya D4S, na zile za halojeni hutumia H11. Mazda Roadster ya kwanza kabisa, ile ya mwaka wa 1989 yenye taa zinazofumbua macho, ina taa za duara za inchi 7. Njia ya uhakika ni kuitoa globu na kusoma maandishi kwenye tako lake, kisha kuyalinganisha na yaliyopigwa muhuri kwenye nyumba ya taa, maana huenda aliyekutangulia aliweka isiyo yake. Kitabu cha gari pia kinasema. Ingawa ni Kijapani kitupu, herufi na nambari za globu zinasomeka.

Kabla ya duka, anza na ulichonacho

Taa nyingi zinazolalamikiwa huku Pwani hazina ugonjwa wa globu. Zina magonjwa mawili mengine, na yote mawili yanatokana na jua letu na bahari yetu.

La kwanza ni plastiki ya mbele. Taa za siku hizi si za kioo bali za plastiki ngumu ya polikaboneti, nayo ikipigwa na jua miaka kumi bila kuegeshwa kivulini inageuka manjano na kuwa na ukungu. Mwanga unaotoka nyuma ya plastiki hiyo unapungua, na ule unaopita unatawanyika ovyo, hata globu ya kawaida inamchoma macho anayekuja. Ukitia globu kali zaidi nyuma ya plastiki yenye ukungu, umeongeza mtawanyiko tu. Dawa ya meno inayosifiwa mitandaoni husafisha kwa wiki chache. Kazi ya kweli ni kusugua kwa msasa wa maji, ukianza na wa 800 au 1000 kisha 2000 hadi 3000, ukamalizia na polishi, halafu upake rangi angavu inayokinga miale ya jua. Atakayeiacha hatua hii ya mwisho ataiona manjano ikirudi baada ya miezi, kwa kuwa ule mpako wa kiwandani ushaondoka.

La pili ni umeme usiofika. Hewa ya chumvi inakula nyaya, hasa waya wa ardhi pale unapofungwa kwenye bodi kwa skrubu moja yenye kutu. Halojeni haisamehe jambo hili. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa 10, unapungua kwa karibu 30. Mwambie fundi wa stima apime kwa mita. Injini ikiwaka, betri itasoma volti 14 hivi. Kisha taa zikiwa zimewashwa, apime kwenye soketi nyuma ya globu yenyewe. Tofauti ikiwa zaidi ya nusu volti, pana kitu njiani kinachokula umeme wako. Kusafisha waya wa ardhi ni kazi ya nusu saa. Gari lililochakaa nyaya laweza kuwekewa rilei mbili na nyaya nene kutoka kwenye betri, swichi ya taa ikabaki na kazi ya kuziamrisha rilei tu. Nimeona watu wakishangaa globu zao za zamani zilivyong'aa baada ya kazi hiyo, globu walizokuwa tayari kuzitupa.

Kisha ndiyo uulize umri wa globu. Halojeni hufifia kidogo kidogo kabla ya kuungua, na kwa kuwa inafifia polepole jicho linazoea. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja utakuwa na gari lenye jicho moja.

Ukitaka kuongeza

Sasa tuseme plastiki ni safi, umeme umefika, na bado unataka zaidi. Unazo njia, na si zote ni sawa.

Ninayoipendekeza ni halojeni bora ya aina ile ile inayotakiwa na gari lako. Osram wana Night Breaker, Philips wana X-tremeVision, na zote hutengenezwa kwa majina ya H4, H7, H11 na kadhalika. Wati ni zile zile, kwa hiyo waya na soketi haziumii. Walichofanya ni kuufanya uzi uwake kwa joto zaidi na kuukaza uwe mdogo, ili reflekta iulenge mwanga vizuri na kuutupa mbali. Zile asilimia 100 au 150 zilizoandikwa kwenye boksi usizielewe kuwa ni mara mbili ya globu yako ya sasa. Kipimo chao ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na tena ni kwenye sehemu fulani tu za barabara. Tofauti utaiona, lakini si ya miujiza. Nayo ina gharama: uzi unaowaka kwa joto zaidi hufa mapema. Anayeendesha kila usiku kwenda Malindi na kurudi ajue atanunua tena mapema kuliko jirani yake wa globu za kawaida.

Njia ya wati nyingi, zile H4 za 100/90, ina jina kubwa kwa sababu ya mbio za rali. Hesabu yake ni rahisi. Wati 55 kwa volti 12 ni ampea nne na nusu hivi. Wati 90 ni ampea saba na nusu. Nyaya na soketi za kiwandani zilipimwa kwa ile ya kwanza. Ukizipitisha ampea saba na nusu kila usiku, soketi ya plastiki italainika, reflekta itababuka, na siku moja utanusa harufu ya kuungua ukiwa Mtwapa kwenye foleni.

Kuna hizi zenye rangi ya samawati. Halojeni ya kawaida ina mwanga wa kelvini 3,200 hivi, wa rangi ya dhahabu. Ili ionekane nyeupe au samawati, watengenezaji huipaka kioo rangi, na rangi hiyo kazi yake ni kuzuia sehemu ya mwanga isitoke. Kwa hiyo umelipa zaidi upate mwanga mchache. Msimu wa mvua za masika ndipo utakapoijutia, maana lami iliyolowa humeza mwanga na ule wa samawati humetameta kwenye matone machoni pako mwenyewe.

Na sasa LED. Nasema hapa ya globu ya LED inayotiwa kwenye nyumba iliyotengenezewa halojeni, si magari yaliyotoka kiwandani na LED zao. Rudi kwa ule uzi tuliousema: ni mwembamba, wa duara, unatoa mwanga pande zote. Globu ya LED ni kijiti bapa chenye vipande viwili vya kutoa mwanga, kimoja kila upande, na nyuma yake pana chuma cha kupozea na mara nyingi feni. Reflekta haijui mwanga umetoka wapi. Inautupa tu kwa hesabu yake ya zamani. Matokeo ni mabaka, sehemu zenye weupe mkali na sehemu za giza, na mwanga mwingi unaomwagika juu ya mstari. Kwenye projekta hali ni afadhali, kwa kuwa mna pazia la chuma linalokata mwanga wa juu, ingawa hata huko kiini cha mwanga chaweza kukaa mahali pasipo pake.

Kinachomdanganya mwenye gari ni weupe wa mbele ya bampa. Mita kumi za kwanza zinang'aa kama mchana, na moyo unaridhika. Lakini jicho likiona weupe karibu, mboni inajifunga, na yale ya mbali, ambayo ndiyo uliyahitaji, yanazidi kuwa giza. Ama zile lumeni 20,000, pima kwa hili: kiwango cha kimataifa cha globu ya H7 ni lumeni 1,500, na zenoni ya kiwandani ya D2S hutoa 3,200.

Wazungu wenyewe wamelikabili jambo hili kwa uzito. Ujerumani iliidhinisha globu ya kwanza ya LED ya kuchukua mahali pa H7, ya Osram, mwaka wa 2020, na ruhusa hiyo ni ya orodha ya magari yaliyopimwa moja moja, nyumba ya taa kwa nyumba ya taa. Uingereza tangu 2021, gari la halojeni lililotiwa globu za LED au zenoni linaanguka kwenye ukaguzi wa MOT. Huku kwetu LED hizo zinauzwa kando ya barabara kama karanga.

Zenoni ya kutia baadaye, zile kiti za HID, ina kasoro hiyo hiyo na mbili zaidi. Inachukua sekunde kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo haifai kwa kupigia fulu. Na inapowashwa hutumia umeme wa maelfu ya volti, hivyo usimwachie fundi wa kubahatisha aingize mkono. Gari lililokuja na zenoni kutoka kiwandani ni habari nyingine. Hilo libadilishie globu ya jina lile lile. D2S ni ya projekta, D2R ni ya reflekta, na D4 haiingiliani na D2, kwa sababu D2 hufanya kazi kwa volti 85 na D4 kwa volti 42.

Taa zilizoletwa na mjomba

Sisi watu wa Pwani tuna jamaa Ghuba, na jamaa akija likizo huulizwa amebeba nini. Wapo vijana wanaoagiza nyumba nzima za taa kutoka Dubai, mpya, zinazopendeza. Tatizo ni kwamba Dubai wanaendesha upande wa kulia. Taa ya chini haina mstari ulionyooka. Upande mmoja umeinuliwa makusudi ili umulike kando ya barabara, walipo waenda kwa miguu. Kwetu na Japani upande huo ni wa kushoto. Kwenye taa iliyotengenezewa Dubai ni wa kulia, yaani umeinuliwa moja kwa moja kwenye uso wa dereva anayekuja, na yule anayetembea kando ya barabara ya Malindi amebaki gizani. Hakuna globu itakayorekebisha hilo.

Kwenye taa zenye alama ya Ulaya, ile herufi E ndani ya duara, tafuta mshale. Simama mbele ya taa uitazame. Mshale unaoelekea mkono wako wa kulia maana yake taa ni ya nchi za kuendesha kushoto kama yetu. Pasipo mshale, ni ya kuendesha kulia. Mshale wa ncha mbili unafaa pote.

Mstari ukutani

Kutega taa hakugharimu chochote na karibu hakuna anayefanya. Egesha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa na buti likiwa na mzigo unaoubeba siku zote. Spika kubwa ya besi ni mzigo. Inalaza gari nyuma na kuinua taa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, kisha tia alama kimo hicho hicho kwenye ukuta ulio mita 10 mbele. Mstari wa juu wa mwanga wako wa chini uwe sentimita 10 chini ya alama. Skrubu za kutegea ziko nyuma ya taa.

Hesabu hiyo inakuambia jambo jingine. Taa ikiwa kimo cha sentimita 60 na inashuka sentimita 10 kila mita 10, mstari unagusa lami mita 60 mbele. Ukienda kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 28 zimekwenda. Kusimama kwenyewe kwenye lami kavu ni mita 50 na zaidi. Jumla yapita 80, na mwanga wako uliishia 60. Kwa kilomita 80, kushtuka na kusimama ni mita 58 hivi, yaani unasimama ukingoni mwa unachokiona. Na aliyelishusha gari lake likae chini ajue ameufupisha mwanga huo zaidi. Basi hata globu bora kuliko zote duniani haimpi mtu ruhusa ya kwenda 120 kwa taa za chini, na kwa msongamano wa barabara zetu nafasi ya kuwasha fulu ni chache.

Kumbuka pia nani anakuja upande wa pili. Wazee wetu wengi wana mtoto wa jicho unaoanza, na jicho la namna hiyo linautawanya mwanga mkali na kuchelewa kurudi. Sekunde moja yako ni tatu nne zake, na gari lake halijasimama.

Siku ya kubadilisha

Zima taa, acha globu ipoe. Vua mpira wa nyuma wa taa, legeza kamba ya chuma, toa ya zamani ukitazama ilivyokaa. Mpya ishike kwenye tako, kioo kisiguse kidole; mafuta ya ngozi yanaungulia juu ya kioo na kukipasua. Ukiigusa, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti. Meno matatu yakae sawa kwenye nafasi zake, kwa sababu globu iliyokaa upande ni sawa na uzi uliosogea. Kisha rudisha ule mpira, usimruhusu fundi auache sakafuni kwa kuwa "si lazima". Usiporudi, unyevu wa bahari utaingia na reflekta itaoza ndani ya mwaka, na reflekta iliyobabuka haisafishwi, inanunuliwa.

Tega taa upya ukutani hata kama hukugusa skrubu. Baada ya wiki mbili tatu fungua tena uitazame soketi. Plastiki yake ikiwa imeanza kugeuka kahawia, muungano umelegea au una kutu, na soketi hiyo ibadilishwe pamoja na kipande cha waya wake kabla haijayeyuka.